Kwarara kwetu, hadada kwao

Waliofungua redio zao Jumapili iliyopita walisikia sauti kwanza, kabla sijatamka neno lolote. Ilikuwa sauti ya nusu dakika hivi, niliyoirekodi alfajiri kando ya mto Kilombero, si mbali na pale ambapo zamani magari yalipanga foleni kusubiri kivuko. Wewe ndugu msomaji, unayekutana na mazungumzo haya gazetini, huna bahati hiyo. Mhariri wa ukurasa huu alinipigia simu akaniuliza, "Sasa hapo mwanzo tuandike nini?" Nikamjibu aandike kwamba ndege alilia. Akauliza alilia vipi. Hapo nikakwama, mimi ambaye kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu ni sauti.

Niliwaza kumwandikia "tsii-tsii". Nikaona siyo. Nikawaza "chriii". Siyo pia. Herufi tulizo nazo zilitengenezwa kwa ajili ya vinywa vya watu, na ndege hana midomo wala meno. Hatimaye tulikubaliana nafasi ile iachwe wazi, na mimi nieleze kwa nini.

Lakini swali la mhariri halikuniacha. Maana wako watu waliotutangulia ambao walifaulu kufanya kile kilichonishinda mimi. Walimsikiliza ndege au mdudu, wakaitwaa sauti yake, wakaigeuza kuwa neno, na neno hilo tunalo hadi leo, ingawa wengi wetu hatujui tena lilikotoka. Wataalamu wa lugha huliita jambo hili tanakali sauti. Wiki hii nataka tuwazungumze watu hao, wa kwetu na wa Uingereza.

Nianze na Uingereza, kwa sababu kwangu mimi mambo yalianzia kwenye Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi wa shule moja ya msingi mjini Ifakara. Nyumbani kwetu kulikuwa Viwanja Sitini, mtaa ambao jina lake linajieleza, kwani ni la hesabu ya viwanja. Somo la Kiingereza tulilijifunza kwa kuimba. Mwalimu alisema jina la mnyama, nasi tulijibu kwa sauti moja jinsi anavyolia Kizungu. Nyuki ni buzz. Bundi ni hoot. Njiwa ni coo. Nyenje ni chirp. Darasa zima, watoto zaidi ya hamsini, tulipiga kelele hizo bila kuelewa hata moja.

Siku moja nilinyoshewa kidole peke yangu. Mwalimu akataja nyenje. Nikajibu kwamba nyenje "cry", yaani analia, kwa sababu nyuma ya nyumba yetu nyenje walikuwa wakilia usiku kucha na sikujua neno jingine. Nilichapwa fimbo mbili. Nilipomsimulia bibi mzaa mama, aliyekuwa amekuja kutoka ng'ambo ya mto kuuza mchele, alishangaa kweli kweli. "Kwani mjukuu wangu, huyo nyenje wa Wazungu halii?"

Jambo ambalo mwalimu hakutuambia, na nadhani naye hakuambiwa na waliomfundisha, ni kwamba maneno yale hayakuhitaji kukaririwa. Yalihitaji kusikilizwa tu. Neno buzz ni nyuki mwenyewe. Ukilivuta lile "z" la mwisho, nyuki anapita sikioni. Hoot ni bundi, coo ni njiwa kwenye paa la bati asubuhi. Yule Mwingereza wa kwanza aliyeyatamka hakuwa msomi. Alikuwa mkulima au mchunga kondoo aliyesimama shambani kwake, akawaigiza majirani alichosikia. Sisi tuliletewa maneno hayo yakiwa yamekaushwa kama kambale, na tukaambiwa tuyameze.

Tena maneno ya namna hii yana historia ya ajabu kidogo. Sauti ya ndege haibadiliki kwa haraka, lakini vinywa vya watu hubadilika. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, bundi aliitwa ule, kwa u ndefu. Litamke polepole, ndugu msomaji, "uuule", na utamsikia bundi juu ya mti. Kisha kuanzia karne ya 15 Waingereza walianza kubadili matamshi ya irabu zao ndefu, na ile u ikageuka kuwa au. Leo wanasema owl, inayotamkwa kama "aul". Bundi wa Uingereza bado anasema u, ila jina lake limemkimbia.

Njiwa yalimpata mabaya zaidi. Kilatini kilikuwa na neno pipio, maana yake kinda anayelia "pi, pi". Wafaransa wakalirithi, wakalilainisha, na Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa likiwa limeshakuwa pigeon. Hakuna mtoto wa London anayesikia kinda ndani ya neno hilo. Aidha yuko ndege ambaye Waingereza wanamwita cuckoo. Huyo hutaga mayai katika viota vya wenzake, kisha hutangaza jina lake msitu mzima. Zamani Waingereza walimwita geac, neno ambalo nalo mizizi yake ilikuwa mlio wake. Lilipochakaa kiasi cha kutofanana tena na ndege mwenyewe, walilitupa, na kufikia karne ya 13 walikuwa wakitumia neno jipya lililofanana na la Kifaransa, ambalo ndilo mlio mtupu. Kwa hiyo ndege huyo amewapa Waingereza jina mara mbili. Hata nyenje aliyenichapisha fimbo, kwa Kiingereza cricket, jina lake linatokana na neno la Kifaransa la kukwaruza na kukereza, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta.

Si Waingereza peke yao. Mchukue hudihudi, yule ndege mwenye kishungi. Sisi watu wa pwani na bara tumelipokea jina lake kutoka kwa Waarabu, wanaomwita hudhud, na waliosoma Kurani wanamkumbuka katika kisa cha Nabii Suleiman. Warumi wa kale walimwita upupa. Wagiriki walimwita epops. Waingereza humwita hoopoe, wakitamka "hupuu". Mataifa manne, na kila moja limeandika lilivyosikia. Ndege ni yule yule, na mlio wake ni "up-up-up" ulio mwepesi kabisa kuuiga. Hapa ndipo ninapopenda mada hii. Tunaposoma majina haya tunasikia zaidi ya ndege. Tunasikia masikio ya watu waliokufa zamani.

Sasa turudi nyumbani.

Kiswahili kina tabia yake katika jambo hili. Mara nyingi hatuna kitenzi cha pekee kwa kila kiumbe kama Waingereza. Jogoo huwika, kuku anayetaka kutaga hutetea, nyuki huvuma, na basi, baada ya hao karibu wote waliobaki hulia. Ndege hulia. Nyenje hulia. Ngoma hulia, bunduki hulia, na tangu simu zije, nazo zinalia. Wako wasomi waliowahi kuniambia kwamba huo ni umaskini wa lugha. Sikubaliani nao. Nguvu ya Kiswahili haiko kwenye kitenzi, iko kwenye jina. Sisi tulimpa kiumbe sauti yake iwe jina lake, akatembea nayo.

Mfano mzuri ni kwarara. Ni ndege mkubwa wa rangi ya udongo wenye mng'ao wa kijani mabawani, mdomo mrefu uliopinda, anayependa majaruba na nyasi zenye maji. Anaporuka alfajiri hupiga kelele zinazoweza kumwamsha mlevi. Unguja kuna hata mahali panapoitwa Kwarara. Waingereza wanamwita ndege huyu hadada. Nao walimsikia akipiga kelele hizo hizo, wakaandika hivyo. Na mwaka 1790 alipopewa jina la kisayansi akaitwa hagedash, jina la kule kusini katika Rasi ya Tumaini Jema, nalo likiwa ni mlio. Kwarara, hadada, hagedash. Mswahili anapenda kila silabi imalizike kwa irabu, kwa hiyo kwake ndege anasema "kwa-ra-ra". Mkazi wa Rasi hakuona tatizo kumfunga ndege kwa "sh". Ukiniuliza mimi nani amepatia zaidi, nitasema sisi, lakini mimi nina upendeleo.

Yuko kororo, yule kanga mwenye kishungi cha manyoya anayejificha vichakani, ambaye jina lake ni koo linalokwaruza. Yuko kigogota, fundi wa kutoboa miti, aliyepewa jina kwa nyundo yake na siyo kwa mlio wake, kwani kugogota ni kugonga. Yuko chiriku, ambaye amehamia mjini kabisa. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba fulani ni chiriku ataelewa mara moja kuwa fulani haachi kuongea, ingawa pengine hajawahi kumwona ndege mwenye jina hilo.

Na yuko kereng'ende, aliyenitia aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilisema hewani kwamba nimeona kereng'ende wengi wakiruka juu ya maji, dalili ya msimu kubadilika. Kwangu kereng'ende ni yule mdudu mwenye mabawa manne membamba kama karatasi ya nailoni. Msikilizaji mmoja akaandika barua, kwa heshima zote, kuuliza tangu lini kwale wakaruka juu ya maji. Nikafungua kamusi za zamani. Kumbe neno ni moja na wenyewe ni wawili: mdudu yule, na pia aina ya kwale mwenye miguu myekundu. Nikakaa nikalitamka neno lenyewe. Ke-re-ng'e-nde. Kwale yule anapolia jioni, sauti inakwaruza hivyo hivyo. Na mdudu anapogonga mabawa yake kwenye majani makavu ya mpunga, sauti ni hiyo hiyo. Mimi nadhani masikio yalisikia kitu kimoja katika viumbe viwili, yakatoa neno moja, na hayakuona haja ya kuomba radhi. Niliomba radhi mimi, hewani, wiki iliyofuata.

Kwa upande wa wadudu, bonde letu lina sifa ambayo wengine wasingeitamani. Mbung'o, ambaye pengine utamsikia akiitwa ndorobo, anajulikana duniani kwa jina la tsetse. Hilo siyo Kiingereza hata kidogo. Ni Kitswana, lugha ya kusini mwa Afrika, na inaelezwa kuwa ni sauti ya mdudu mwenyewe. Wasafiri na wawindaji wa karne ya 19 walilibeba hadi Ulaya, na kitabu cha safari cha Livingstone cha mwaka 1857 kikalieneza. Ni moja ya maneno machache ambapo Mzungu alikubali kutumia sikio la Mwafrika badala ya lake, nadhani kwa kuwa hakuwa na muda wa kusikiliza huku farasi wake wakifa.

Halafu mbu. Mwaka 1949 mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo imekua na kubadilika majina, na leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa na mpango wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Kabla ya hapo chandarua kilikuwa cha mgeni, sisi watoto tulijifunika shuka hadi kichwani, na nje ya shuka ile mbu aliimba.

Mbu ni neno la silabi moja, lakini ukilitamka kwa kubana midomo, "mmmbu", utaona kwamba linavuma puani kabla halijatoka. Jike la mbu aenezaye malaria hupiga mabawa yake mara 400 hadi 600 hivi kwa sekunde, na mapigo hayo ndiyo sauti tunayoisikia. Kila aina ina mvumo wake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na watu wa taasisi yetu ya Ifakara na wa nchi nyingine, wamekuwa wakirekodi mivumo hiyo ili simu ya kawaida iweze kumtambua mbu kwa kumsikia. Mwaka 2021 walitoa hazina ya rekodi za saa 20, zenye mbu wa aina 36. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Mashine inafundishwa kazi ambayo bibi yangu aliifanya gizani bila kuwasha kibatari. Alikuwa akisema, "Huyo acha, huyo haumi," na kweli hakuuma.

Nilisema mwanzoni kwamba nilirekodi ndege. Sasa nieleze ni ndege gani, maana hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo haya.

Katika nyasi za Afrika kuna jamii ya ndege wadogo wa rangi ya kahawia ambao kwa Kilatini huitwa Cisticola. Wako takriban aina 50, na ukiwaweka mezani kumi kati yao huwezi kujua yupi ni yupi. Wote wana michirizi, wote ni wadogo kuliko shomoro au wanalingana naye. Mwaka 1930 ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Hubert Lynes, alichapisha uchunguzi mkubwa juu yao baada ya kuzunguka sehemu nyingi za bara hili. Njia nzuri ya kuwatenganisha ni masikio. Ndiyo maana majina yao ya Kiingereza yanasomeka kama daftari la mtu aliyekuwa akisikiliza. Yuko Wailing, anayeomboleza. Yuko Croaking, anayekoroma kama chura. Yuko Rattling, anayelia kama kayamba, na Whistling, mpiga mluzi, na Bubbling, anayebubujika, na Chattering, mwenye domo. Na yuko Zitting, jina la mchezo kabisa, kwa sababu anaporuka husema "zit, zit, zit" kila anapopanda na kushuka hewani. Waingereza wale wale tuliokaririshwa maneno yao walipofika kwenye nyasi zetu walirudi kuwa wachunga kondoo, wakaanza upya kusikiliza.

Mwaka 1986, katika matete ya Kivukoni karibu na Ifakara, wataalamu waliokuwa wakitazama ndege walikuta viumbe wasiofanana na maandishi yoyote. Mmoja alikuwa mnana, na mwaka 1990 akatangazwa rasmi kwa jina la Ploceus burnieri, mnana wa Kilombero. Wawili wengine walikuwa wa jamii ile ya Cisticola. Hao walikaa bila jina la kisayansi kwa miaka 35. Watu waliwajua, waliwapiga picha, waliandika habari zao vitabuni, lakini jina hawakuwa nalo. Ni mwaka 2021 tu ndipo walipotangazwa kuwa aina mbili kamili, Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni, majina ya kuwaenzi watu wenye majina ya Baker na Andersen. Makazi yao ni bonde la mafuriko la Kilombero.

Simlaumu mtu. Bonde letu lina historia ya namna hii. Mwaka 1979, katika msitu wa upande wa Sanje chini ya milima ya Udzungwa, watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikutana na tumbili ambaye sayansi ilikuwa haijamjua, na mlio wake ndio uliowagutusha. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari, ng'olaga. Na mwaka 1991, katika milima hiyo hiyo, watafiti wa Denmark waligundua aina mpya ya kwale baada ya kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula kambini. Wenyeji wa kule walimjua kwa mchuzi kabla wasomi hawajamjua kwa Kilatini.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Bonde hili liliwekwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la karibu kilometa za mraba 8,000. Tangu hapo, na hata kabla, mpunga umesonga mbele, mifugo imeingia, matete yamechomwa. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na jambo hilo nalo lina malalamiko yake upande wa wakulima, ambao baadhi yao ni ndugu zangu. Leo siyo siku ya kuamua shauri hilo. Nasema tu kwamba ndege asiyeishi kwingineko akiondoka Kilombero hana pa kwenda, na neno lililotengenezwa kwa sauti yake halina tena wa kulithibitisha. Na kuna upande wa pili ambao hautajwi sana. Ndege anaweza kubaki, na neno likaondoka. Mpwa wangu anasoma sekondari, anajua neno tweet kwa sababu ya mtandao uliozaliwa mwaka 2006 kwa jina la Twitter, na ambao tangu 2023 unaitwa X. Neno hilo kwa Kiingereza ni mlio wa kindege kidogo. Nilipomwuliza kigogota ni nani, aliniuliza kama ni fundi seremala. Hakukosea sana, lakini hakuwa anatania.

Sisemi kwamba masikio ya Mswahili yamekufa. Hayajafa, yamehama. Ilipokuja ile baiskeli ya moto, hakuna aliyengoja kamati ya lugha. Watu waliisikia ikipita, wakaiita pikipiki, na wazee wengine waliiita tukutuku. Ilipokuja trekta ikawa tingatinga. Ni ufundi ule ule wa kwarara na kororo, ila sasa tunausikilizia gereji na barabarani. Siku hizi ukisimama kando ya majaruba ya Kilombero wakati wa kulima utasikia tingatinga na pawatila kutoka kila upande, na ni lazima usubiri zizime ndipo usikie kingine.

Rekodi yangu niliipeleka kwa mzee mmoja mvuvi, jirani wa zamani wa bibi, aliyezaliwa na kuzeekea kando ya maji. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjini na za watoto, tukamaliza hayo. Kisha nikamwekea sauti kwenye simu. Hakuitazama simu, alitazama mtoni. Nilipomaliza akasema, "Hapo ulikosimama palikuwa na matete mafupi." Nikamwambia ni kweli. "Basi, mwanangu, huyo ni wa matete mafupi. Yupo mwenzake wa kwenye marefu, huyo anavuta." Akakunja midomo, akaniigizia wa kwanza, halafu wa pili. Wavu ulikuwa bado mikononi mwake.

Nilitoa kalamu nikamwomba anitajie jina la kila mmoja kwa lugha yao. Akarudia sauti zile zile mbili. Nilidhani hakunielewa, nikamwuliza tena, polepole. Akanitazama kama bibi alivyonitazama siku ile ya fimbo. "Si ndiyo nimekutajia?"

Akataka kujua wenzangu wa mjini wamewaandikaje. Nikamsomea majina yale mawili ya mwaka 2021 kutoka kwenye karatasi. Alijaribu kulitamka la kwanza, akafika nusu, akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia nimwekee tena ile sauti, mara hii aisikilize vizuri. Nikabonyeza, lakini hapo hapo jirani akawasha pawatila lake, ikabidi tukae kimya tusubiri.